Zaka ya Yemen na Ushuru wa Kibaigwa

Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya madiwani, watumishi wa halmashauri, maimamu na wanafunzi wa uchumi

Waheshimiwa madiwani, masheikh na maimamu wetu, wakuu wa idara, wanafunzi, na ninyi wazee wangu mliotoka Kondoa na Chemba alfajiri ili muwahi kikao hiki: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa wenyeji wa mji huu, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie ugatuzi wa fedha za umma, yaani kushusha madaraka ya fedha hadi ngazi za chini, kwa mtazamo wa uchumi wa Kiislamu. Naomba tuanzie Yemen, kisha turudi hapa nyumbani.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwagiza awalinganie watu shahada, kisha sala, kisha awajulishe kuwa Mwenyezi Mungu amewafaradhishia zaka, ichukuliwe kwa matajiri wao na irudishwe kwa mafukara wao. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na sidhani kama humu ndani yupo Muislamu asiyewahi kuisikia minbarini. Leo tuisome kama watu wa bajeti. Kuna matajiri wa Yemen na mafukara wa Yemen. Madina, makao makuu ya dola, haimo katika mgawo huo.

Yaliyofuata ameyasimulia Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam, mwanazuoni wa karne ya tatu Hijria aliyekusanya habari nyingi za mali ya umma. Muadh aliendelea na kazi Yemen hadi zama za Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Mwaka mmoja akampelekea Umar theluthi ya zaka ya Yemen. Umar akaikataa. Akamwambia: sikukutuma ukakusanye mali wala ukachukue jizya, kodi ya wasio Waislamu, nilikutuma uchukue kwa matajiri wa watu uwarudishie mafukara wao. Muadh akajibu kwamba asingemletea kitu kama angekuwa na wa kukipokea kule. Mwaka uliofuata akapeleka nusu, wakajibizana vile vile. Mwaka wa tatu akapeleka yote, na jibu lake likawa lile lile: hakupata hata mtu mmoja wa kuchukua chochote.

Ndugu zangu, tafakarini jambo hili. Kiongozi wa dola iliyofika Sham, yaani Syria na jirani zake, na Uajemi, mwenye majeshi ya kulipa na mahakimu wa kuajiri, anaikataa fedha mpaka ahakikishiwe kuwa ilikotoka hakuna mwenye shida nayo. Kama miaka 80 baadaye, khalifa mwingine, Umar bin Abdulaziz, aliletewa Sham zaka iliyotoka Khurasani, mashariki ya Uajemi, akaamuru irudishwe Khurasani. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayosalia wengi wetu Afrika Mashariki, akashikilia kuwa zaka haihamishwi mahali ilipotolewa maadamu wapo wanaostahiki. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wao wanaona kuihamisha ni karaha, isipokuwa kwa jamaa au kwa wenye dhiki zaidi.

Sasa msinielewe kwamba katika Uislamu kila fedha inabaki kijijini. Hapo ndipo mijadala yetu inapopotea. Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alieleza madaraka ya gavana wa jimbo katika fedha na akazitenganisha fedha hizo mafungu mawili. La kwanza ni kharaji, yaani kodi ya ardhi. Ikizidi mahitaji ya askari wa jimbo, ziada inapelekwa kwa khalifa iingie katika hazina ya manufaa ya wote. Ikipungua, gavana ana haki ya kudai makao makuu yajazie. La pili ni zaka. Ziada yake gavana halazimiki kuipeleka juu. Anaitoa kwa wanaostahiki walio karibu zaidi. Ikipungua, hana haki ya kumdai khalifa.

Mimi naona huu ni mfumo kamili wa mahusiano ya fedha kati ya serikali kuu na serikali za mitaa, ulioandikwa karibu miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1972 mwanauchumi wa Marekani, Wallace Oates, aliandika hoja ambayo vyuo vingi duniani vinaifundisha hadi leo: huduma ambayo faida yake inaishia mahali fulani iamuliwe na watu wa mahali hapo. Al-Mawardi hakubishana kuhusu nani akusanye. Alianza na swali jingine: fedha hizi ni za haki ya nani? Akishalijibu, njia ya fedha inajulikana yenyewe.

Kwetu mwaka huo huo wa 1972 ndio tulioingia katika Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa Julai, za miji zikafuata, na kazi zake zikabebwa na watumishi wa serikali kuu walioshushwa mikoani. Nia ilikuwa kuyasogeza maendeleo karibu na watu, lakini watu wenyewe walinyang'anywa kikao chao cha kuamua. Mwalimu Nyerere, alipokuwa akikaribia kung'atuka, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyarudia. Sheria za mwaka 1982, ikiwemo Sheria Namba 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa, zikazirudisha halmashauri za wilaya, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Leo Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Madaraka yamekwenda, lakini fedha zimekwenda kwa kusuasua. Mwaka 2003 kodi ya kichwa na ushuru mdogo mdogo uliokuwa kero vilifutwa, na wananchi walishangilia kwa haki kabisa, kwani wapo waliokuwa wakikimbilia porini kuwakwepa migambo. Serikali kuu ikaahidi ruzuku ya kufidia. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 tunakatwa kupitia LUKU, tunaponunua umeme. Mkurugenzi wa halmashauri leo anaendesha shule, zahanati na barabara kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa sana inatoka Hazina.

Mimi sina ugomvi na TRA kukusanya. Kama mashine ya LUKU inakusanya kwa gharama ndogo kuliko kijana anayezunguka mtaani na kitabu cha stakabadhi, ikusanye. Lakini kodi ya nyumba ya Chang'ombe au Kikuyu, mitaa ya hapa mjini, ni ya mfereji wa Chang'ombe na taa za Kikuyu. Ikikusanywa na TRA, haki hiyo haikuhamia TRA. Irudi, na irudi kwa tarehe inayojulikana, ili mweka hazina aweze kupanga nayo kazi.

Tuje kwa mkulima. Mnalijua soko la Kibaigwa wakati wa mavuno: malori yamepanga foleni, wapagazi wamebeba magunia ya mahindi na alizeti, mizani inapanda na kushuka. Tumchukue mama mmoja aliyevuna gunia sita. Ameleta mawili sokoni, ada ya shule inamsubiri. Anapima, anapewa bei, na kabla pesa haijatulia mkononi ushuru wa mazao umeshaingizwa katika hesabu. Kisheria analipa mnunuzi. Sokoni wote mnajua kwamba mnunuzi anaushusha kwenye bei. Yule mama ndiye aliyelipa.

Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mama huyu hadaiwi kitu. Nisabu ya nafaka, yaani kiwango ambacho chini yake zaka haidaiwi, ni wasaki tano, kipimo cha kale, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa kama kilo 650. Gunia zake sita za kilo mia mia hazifiki. Angekuwa amevuna gunia 20 kwa mvua ya Mungu, angetoa sehemu moja ya kumi. Angekuwa ni mkulima wa mpunga aliyemwagilia kwa pampu ya mafuta, angetoa nusu ya hiyo, kwa sababu gharama imeshamtoka. Hapa pana kanuni tatu kwa pamoja: asiye na kitu asiguswe, anayevuna zaidi atoe zaidi, na aliyegharamika apunguziwe.

Sheria yetu mwaka 2017 ilipiga hatua njema. Ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Naupongeza msamaha huo. Lakini unaangalia mzigo ulio barabarani. Nisabu inaangalia alichovuna mtu. Mwenye gunia sita anayeuza soko la jirani msamaha haumfikii, na mfanyabiashara mwenye akili anaweza kuugawa mzigo wake safari kadhaa. Waheshimiwa, sheria ndogo zinatungwa kwenye mabaraza yenu. Kiwango cha msamaha kikifungwa kwenye mavuno ya kaya, kama mtendaji wa kijiji anavyoyajua, yule mama ataondoka na hela yake yote.

Na kwa kuwa tuko Dodoma, siwezi kupita bila kutaja zabibu. Mtume (s.a.w.) aliagiza zabibu zikadiriwe zikiwa bado mtini, kama zinavyokadiriwa tende, na zaka yake itolewe zikishakaushwa. Mkadiriaji alitembea shambani akatazama vishada. Kisha ipo hadithi aliyoipokea Abu Dawud inayomwagiza mkadiriaji: mkikadiria, acheni theluthi, msipoacha theluthi, acheni robo. Wanazuoni wakaeleza kwamba sehemu hiyo anaachiwa mwenye shamba awape jirani, jamaa na mpita njia, na kwa kile kinacholiwa na ndege. Maana yake sehemu ya haki ya umma inaachwa mikononi mwa mwenye shamba mwenyewe aigawe, kwa sababu yeye ndiye anayemjua mjane aliye nyuma ya ua wake. Ugatuzi wa namna hiyo umeshuka chini ya kata, chini ya kijiji, umefika nyumbani kwa mtu. Wakulima wa Chinangali na Hombolo mnaovuna mara mbili kwa mwaka, nadhani mnaielewa hekima hii kuliko mimi.

Kwa wafugaji pia. Mkusanyaji wa zaka alikatazwa kukaa mahali na kutaka mifugo iswagwe hadi kwake. Aliamriwa awafuate watu kwenye maji yao. Sisi tungesema awafuate lamboni. Na Muadh aliusiwa ajihadhari na kuchukua wanyama bora wa watu.

Hapa niseme neno kwa masheikh. Zaka ni ibada, na ushuru wa halmashauri si zaka. Katiba inatamka kuwa Tanzania ni nchi isiyokuwa na dini, na katika ukumbi huu wapo Wakristo ambao ushuru huu ni wao kama ulivyo wetu. Siombi halmashauri igeuzwe kuwa baitul-mali, hazina ya dola ya Kiislamu. Ninachoomba ni kwamba uadilifu uliopangwa kwa umakini kiasi hiki usibaki kuwa hadithi za kulilia machozi Ramadhani wakati sheria ndogo tunazitunga kama watu wasio na urithi wowote.

Mkoa huu una mvua za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zikikosekana kila mtu anajua. Mwaka wa 18 Hijria, yaani 639, ukame mkubwa ulilipiga Bara Arabu, ukaitwa mwaka wa Ramada, mwaka wa majivu. Umar alifanya mambo mawili. Aliwaandikia magavana wa Sham na majimbo mengine walete chakula, misafara ikaja. Jimbo lenye neema likabeba jimbo lenye njaa. Na aliahirisha kukusanya zaka. Mvua ziliponyesha akamtuma mkusanyaji wake akachukue ya miaka miwili, akamwagiza: ya mwaka mmoja wagawie wao wenyewe, ya pili niletee.

Wazee wa Kigogo hapa mlisimuliwa Mtunya, ile njaa ya baada ya 1917. Majeshi ya Kijerumani, na baada yao ya Kiingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita katika nchi hii ya Ugogo, kisha mvua zikakatika. Ukame peke yake watu wa hapa walikuwa na njia za kuuvuka: kupeleka mifugo kwa rafiki wa mbali, kubadilisha ng'ombe kwa mtama. Walichoshindwa kukivuka ni dola iliyochukua wakati ardhi haitoi. Watu walikufa kwa wingi, na simulizi zake bado zipo majumbani.

Kwa hiyo ninapoona halmashauri imewekewa lengo la makusanyo, na lengo halishuki hata mvua ziliposhindwa, napata hofu ya kweli. Mkurugenzi anapimwa kwa asilimia aliyofikia. Atambana nani, kama si yule mwenye gunia mbili? Lengo la makusanyo katika wilaya za ukanda huu lingefungamanishwa na hali ya mavuno, na pengo lijazwe na ruzuku, kama alivyosema al-Mawardi kwamba kharaji ikipungua makao makuu yanadaiwa.

Kuhusu ruzuku nitasema kwa ufupi. Kanuni za mgawo tulizonazo tangu miaka ya 2000 zinahesabu idadi ya watu, umaskini, na katika afya hata vifo vya watoto wadogo. Ni kanuni nzuri. Tatizo ni mishahara, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ruzuku: inamfuata mtumishi alipo, na mtumishi anapenda kukaa mjini. Halmashauri ya pembezoni isiyo na walimu wa kutosha inakosa na fedha za walimu. Surat al-Hashr inatuambia mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Nadhani inagusa pia kuzunguka baina ya miji peke yake. Jiji la Dodoma lilipokabidhiwa viwanja baada ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuvunjwa mwaka 2017 mapato yake ya ndani yalipanda sana. Chemba haina viwanja vya namna hiyo vya kuuza.

Kuna nchi za Waislamu zilizojaribu pande zote mbili. Pakistani ilianza mwaka 1980 kukata zaka moja kwa moja kwenye akaunti za benki na kuisimamia kutoka juu. Mageuzi ya katiba ya mwaka 2010 yakaishusha mikoani. Malaysia iliiacha mikononi mwa majimbo tangu mwanzo, kila jimbo na baraza lake.

Sasa asilimia 10. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sikilizeni vizuri. Sheria ya nchi isiyo na dini imeweka kwenye kila halmashauri kile tunachokiita kardhu hasan, mkopo mwema. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa sababu fedha nyingi hazikurudi na vikundi vingine vilikuwa vya kwenye karatasi tu.

Imam Malik amepokea kisa ambacho ningependa kila kamati ya mikopo ikisome. Wana wawili wa Umar, Abdullah na Ubaydullah, walipita Basra wakitoka vitani. Gavana, Abu Musa al-Ash'ari, alikuwa na fedha za umma za kupeleka Madina. Akawakopesha: nunueni bidhaa hapa, mkauze Madina, mtaji mkabidhini baba yenu, faida yenu. Wakafanya hivyo, wakapata faida. Umar akawauliza swali moja: je, jeshi lote alilikopesha kama alivyowakopesha ninyi? Wakasema hapana. Akasema: wana wa Amiri wa Waumini, ndiyo maana akawakopesha! Leteni mtaji na faida yake. Abdullah akanyamaza, Ubaydullah akajitetea kwamba mtaji ungepotea wangelipa wao. Mwishowe, kwa ushauri wa mtu aliyekuwapo barazani, Umar akaichukulia kuwa ni biashara ya ubia: mtaji na nusu ya faida vikarudi hazina, nusu ya faida wakabaki nayo.

Swali la Umar liulizwe kila kikundi kinapopitishwa: je, wenzenu wa kata nyingine wamepewa nafasi kama yenu? Kikundi cha shemeji wa mjumbe kisipite mbele ya akina mama wa Mpwapwa waliosubiri. Na kwa wakopaji: Qurani inataka mwenye kudaiwa akiwa katika dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa, na Mtume akasema tajiri kuchelewesha deni ni dhulma. Kuku wa kikundi wakifa kwa kideri, wapeni muda. Aliyeezeka nyumba kwa mkopo wa cherehani na sasa haonekani, huyo afuatwe, na maimamu mna wajibu wa kumwambia kuwa anakula haki ya kijana mwenye ulemavu aliyeko kwenye foleni.

La mwisho ni kuonekana kwa fedha. Imran bin Husayn, sahaba, alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi mikono mitupu akaulizwa: mali iko wapi? Akajibu: kwani mmenituma kuleta mali? Tumeichukua pale tulipokuwa tukiichukua zama za Mtume, na tumeiweka pale tulipokuwa tukiiweka. Aliweza kusema hivyo kwa sababu waliotoa na waliopokea walikuwa watu wa mahali pamoja, na kila mmoja aliona.

Vijiji vyetu vina ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mtendaji. Mara nyingi utakuta tangazo la chanjo, ratiba ya mnada iliyopauka kwa jua, na mapato na matumizi ya robo mwaka iliyokwisha zamani, yenye tarakimu za jumla ambazo hazimwambii mtu kama ushuru wa gunia lake umekwenda kwenye zahanati au kwenye posho. Naomba mambo mawili kwa madiwani mliopo. Taarifa ibandikwe ikitaja soko kwa soko: kiasi kilichokusanywa, na kiasi kilichorudi katika vijiji vilivyoleta mazao. Na ile sehemu ya asilimia 20 ambayo vijiji vimeahidiwa tangu kodi zao zilipofutwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa jina na kwa tarehe iliyopokelewa. Isipopokelewa, lisemwe hilo, na muhtasari uletwe kwenye Baraza.

Maimamu, ninyi mnakutana na watu kila Ijumaa. Mkutano mkuu wa kijiji ukitangazwa, utangazeni na ninyi baada ya sala, na mwende. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nayapokea maswali. Wassalaamu alaykum.